Delphi kwa siku moja kutoka Athens: basi zuri, muda haukutosha

Nyota tatu kati ya tano. Zote tatu ni za mwongoza watalii na dereva. Mbili zilizobaki zimeliwa mgahawani, nitaeleza.

Delphi, mahali patakatifu pa mungu Apollo ambapo Wagiriki wa kale walikwenda kuuliza utabiri, iko kama kilomita 180 kaskazini-magharibi ya Athens, ubavuni mwa mlima Parnassos. Basi lilikuja kwa wakati, kiyoyozi kilifanya kazi kweli, na dereva hakukimbiza kwenye kona za mlimani. Mwongozaji wetu, mama wa makamo mwenye sauti ya mwalimu, alituchangamsha njiani kwa kisa cha Croesus, mfalme wa Lidia, dola ya kale katika Uturuki ya leo. Alituma watu Delphi kuuliza kama awavamie Waajemi. Jibu la kuhani wa kike wa Apollo likawa kwamba akivamia ataangusha dola kubwa. Akavamia, na dola iliyoanguka ikawa yake mwenyewe. Majibu ya kujikinga namna hiyo hata waganga wa kwetu wanayamudu.

Magofu yenyewe yako kwenye mteremko mkali. Unapanda njia ileile waliyopanda mahujaji, na miji mingi ya Ugiriki yenye uwezo ilijenga hapo, kila mmoja kijumba cha kuwekea sadaka zake. Cha Waathene ndicho kilichosimama vizuri, kwa sababu Wafaransa walikijenga upya kwa mawe yake kati ya 1903 na 1906. Hekalu la Apollo lina nguzo sita tu zilizoinuliwa. Mengine ni msingi na sakafu. Picha za matangazo hupigwa kwa pembe inayoficha hilo. Lakini geuka nyuma utazame bonde la mizeituni linavyoteremka kuelekea baharini, utasahau kulalamika.

Kitu kilichonishika sikukitegemea. Chini ya hekalu kuna ukuta wa mawe yenye maungio ya kupindapinda, yamefumwa bila chokaa. Ukisogea karibu unaona herufi ndogo zimejaa jiwe hadi jiwe. Ni mamia ya mikataba ya kuwaacha huru watumwa. Utaratibu ulikuwa kwamba mtumwa "anauzwa" kwa mungu Apollo kwa bei iliyotajwa, mara nyingi fedha za mtumwa mwenyewe, na kwa kuwa Apollo haji kumchukua mtu shambani, huyo anakuwa huru. Mikataba mingine ina mtego: aliyeachwa huru aendelee kumtumikia bwana wake mpaka bwana afe. Mimi ni mtu wa Bagamoyo, habari za watumwa nimekua nazo, na ningesimama pale saa nzima. Mwongozaji alitupa sentensi mbili huku akitazama saa. Simlaumu, ratiba haikupangwa na yeye.

Juu zaidi kuna ukumbi wa maonyesho uliochukua watu kama 5,000, na juu yake uwanja wa mbio. Uwanjani tulifika watatu tu kati ya kundi zima, tena kwa kukimbia.

Sasa makumbusho. Tiketi ni moja kwa magofu na makumbusho, kwa hiyo hakuna kulipa mara mbili, na ndani kuna baridi nzuri baada ya jua lile. Tulipewa nusu saa. Nusu saa! Sfinksi ya kisiwa cha Naxos, sanamu ya simba mwenye mabawa na kichwa cha mwanamke, iliyokuwa ikikaa juu ya nguzo ndefu, niliipita kama napita kituo cha daladala. Wale vijana wawili wakubwa wa marumaru, wanaotajwa kuwa Kleobis na Biton, ndugu waliokokota gari la mama yao hadi hekaluni baada ya ng'ombe kuchelewa, nilipata kuwazunguka mara moja.

Dakika zilizobaki nikampa Mwendesha Gari la Farasi, na sijutii. Ni sanamu ya shaba ya kimo cha mtu, ya miaka ya 470 KK, iliyotolewa kwa ajili ya ushindi wa mbio za magari ya farasi. Mkono wa kushoto haupo. Wa kulia bado umeshika hatamu. Macho yake ya rangi yamesalia, na kope za shaba pia. Tazama miguu: mishipa na kucha zimechongwa kwa uangalifu mkubwa, ilhali alipokuwa garini hakuna ambaye angeiona. Sanamu nyingi za shaba za zamani ziliyeyushwa. Huyu alinusurika kwa sababu tetemeko la 373 KK lilimfukia, na akachimbuliwa mwaka 1896.

Tukatolewa hapo kwenda Arachova kula, saa moja na nusu, chakula cha kujilipia, mgahawa uliokwisha kuchaguliwa, na duka la zawadi mlango wa pili. Jengo la duara katika eneo takatifu la mungu wa kike Athena, lenye nguzo tatu zinazopendwa na wapiga picha, tuliliona kupitia dirisha la basi.

Kama huna siku nyingine na hutaki kuhangaika na usafiri, ziara hii itakufaa, ila ule asubuhi na ubebe mkate. Mwenye nafasi apande basi la kawaida la KTEL, yale mabasi ya abiria ya mikoani Ugiriki, alale mji wa Delphi, ambao uko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka makumbusho, na aingie milango ikifunguliwa kabla mabasi ya Athens hayajafika. Mzee mwenye magoti mabovu aanze na makumbusho. Ngazi za magofu ni nyingi na mawe yanateleza.