Mahakamani Nairobi: mkalimani au Kiswahili moja kwa moja?

Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya mkalimani bila malipo. Ni haki kubwa. Lakini katika mahakama za Nairobi kazi hiyo mara nyingi hufanywa na karani, huku akishughulikia mafaili. Wakili na hakimu wanajibizana kwa Kiingereza kwa muda mrefu. Mshtakiwa anapewa sentensi mbili. Yaliyoachwa huenda ndiyo yangemsaidia kumhoji shahidi, hasa kama hana wakili.

Njia ya pili ni kesi kuendeshwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, jambo ambalo sheria inaruhusu katika mahakama za chini. Mama mboga aliyekamatwa na kanjo, yaani askari wa jiji, anasikia ushahidi mwenyewe, na uongo ukisemwa anaujua hapo hapo. Ugumu upo: sheria zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mzigo wa kutafsiri unamwangukia hakimu. Mimi naona hapo ndipo panapoufaa, kwa mtu aliyesomea sheria, si kwa aliye kizimbani.

Kwa wakazi wengi wa jiji hili nachagua Kiswahili. Si kwa wote. Kwa mzee wa Eastleigh anayezungumza Kisomali tu, au kiziwi anayetumia Lugha ya Ishara ya Kenya, Kiswahili nacho ni kizuizi. Hao wanahitaji mkalimani aliyefunzwa, tena kuanzia kituo cha polisi, maana kifungu cha 49 kinataka anayekamatwa aelezwe sababu mara moja kwa lugha anayoielewa.