Kikomo cha mishahara au kodi kwa timu tajiri: kipi kinaifaa besiboli?

Kila Dodgers, timu tajiri ya Los Angeles, wanaposajili nyota mwingine, mjadala wa besiboli ya Marekani unarudi palepale: waendelee kuzitoza kodi timu zinazomwaga fedha, au waweke kikomo cha mishahara kama NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani?

Kwa kubana matumizi, kikomo kinashinda. Mwaka 2024 cha NFL kilikuwa dola milioni 255.4, tajiri na maskini sawa. Kwenye besiboli kodi ilianza pale mishahara ya timu ilipovuka milioni 237, lakini mwenye nazo analipa na kusonga mbele. Dodgers walimpa Shohei Ohtani mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 700, huku milioni 680 zikiahirishwa kulipwa baadaye. Wakatwaa ubingwa 2024, wakarudia 2025. Inauma ukiwa shabiki wa timu yenye bajeti ndogo kama ya Pittsburgh.

Uwanjani, hata hivyo, fedha haitoshi. Mets wa New York, mwaka 2023, walilipa mishahara mikubwa kuliko timu zote, wakakosa hata hatua ya mtoano. Tampa Bay Rays, kwa bajeti ndogo, walifika fainali 2008 na 2020. Na kikomo hakikuwazuia Kansas City Chiefs wa NFL kubeba Super Bowl, yaani ubingwa wa ligi hiyo, mara mbili mfululizo.

Wachezaji kodi inawafaa zaidi. Mwaka 1994 waligoma kupinga kikomo, World Series, fainali ya besiboli, ikafutwa. Nawaelewa, miaka ya kucheza ni michache.

Kama kinachokukera ni pengo kati ya timu, egemea kikomo, ila dai na kima cha chini cha mishahara ambacho kila timu italipa, maana wapo wamiliki wabahili mno. Ukimtazama mchezaji kama mfanyakazi, kodi yenye makali zaidi itakufaa.