Testa ya betri ya mkononi: nimeitumia miaka mitatu kwenye lori la volti 24, haya ndo niliyoyaona

Kabla ya hii testa nilikuwa nabadilisha betri kwa kusikiliza tu. Stata ikianza kuvuta kivivu asubuhi nasema basi zimechoka, naenda kununua. Au muuzaji ananiuliza zina muda gani, namwambia mwaka wa tatu unaisha, ananijibu hizo zimeshakufa toa zote, na mi natoa hela. Sasa hivi sitoi hata senti mpaka nione namba, na hiyo ndo sababu naiandikia hii kitu maana imenibadilisha kabisa.

Kwa ambao hawajaiona, ni kile kijikifaa chenye waya mbili na vibanio, mfano wa ile mita ya kawaida ya fundi umeme ya kupimia volti ila hiki kinapima nguvu ya betri ya kupiga stata na ukinzani wa ndani. Unabana nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, unachagua aina ya betri kama ni ya maji au AGM (asidi yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo) au ya jeli, unaingiza ile namba ya CCA iliyoandikwa kwenye stika, baada ya sekunde chache inakuletea volti, CCA iliyobaki na miliomu, yaani ule ukinzani wa ndani. CCA ni ampea ambazo betri inaweza kutoa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa sekunde 30 bila kushuka chini ya volti 7.2, yaani ni kipimo cha misuli yake na sio cha ukubwa wa tanki.

Mara ya kwanza iliponiokoa: lori lilikuwa linapiga stata kwa shida, betri zake mbili za volti 12 zina miaka mitatu, nikazipima na mita ya kawaida moja 12.7 nyingine 12.6, yaani zimejaa. Mtu angesema volti ni nzuri ila betri ni nzee, badilisha. Nikabana testa, betri za CCA 900 zikatoa 860 na 840. Hizo sio betri za kutupa jamani. Ndo nikaanza kutafuta kwingine, nikaweka mita kati ya kichwa cha hasi na chuma cha injini afu mwenzangu akapiga stata, mita ikaonyesha karibu volti 2 zinapotea njiani. Waya wa hasi ulikuwa umeliwa na kutu ndani ya ganda lake, kwa nje ulikuwa unaonekana mzima kabisa. Nikabadilisha waya, nikasugua vichwa vya betri, gari likapiga kama jipya na betri zile zile nikaendelea nazo zaidi ya mwaka. Hapo testa ilishajilipa.

Ila sasa msije mkadhani unabana tu unapata ukweli, mi mwenyewe ilinidanganya siku za mwanzo manake sikujua kuitumia. Vibanio vinatakiwa viguse risasi yenyewe ya kichwa cha betri, ukibana kwenye bolti ya chuma au kwenye kutu unapata namba ya chini ya uongo. Afu kwenye menyu kuna CCA, EN, DIN, JIS, ni viwango tofauti vya kuandika nguvu ya betri, na hizo sio kitu kimoja, ukichagua isiyo ya stika yako umeshaharibu jibu. Na betri isipokuwa na chaji inaweza kuitwa mbovu wakati ina njaa tu, kwa hiyo ikisoma chini ya 12.4 mi naichaji kwanza usiku kucha, inapumzika saa kadhaa, ndo napima tena. Kinyume chake pia kipo, gari likitoka kuzimwa sasa hivi volti zinakuwa za juu juu, washa taa kubwa dakika mbili tatu uzime ndo upime. Na wenye malori ya betri nne, zile zilizofungwa sambamba lazima uzitenganishe, la sivyo mbovu inajificha nyuma ya nzima. Ukifungua anza na hasi, ukirudisha hasi iwe ya mwisho, na usikaribishe cheche pale maana betri inayochajiwa inatoa haidrojeni na inalipuka kweli.

Kitu ambacho naipendea zaidi hata sio lile neno la mwisho la nzima au badilisha, ni kuandika. Nina daftari kwenye dashibodi, kila mwezi napima betri moja moja naandika. Miezi mingi namba zinashuka taratibu mno hata huoni, afu mwaka wa nne betri ya pili ikaanza kukimbia, kutoka 800 ikaja 740, ikaja 610, wakati mwenzake yuko 780. Gari bado lilikuwa linawaka vizuri tu! Hakuna dalili yoyote. Kama ningesubiri dalili ningelala njiani.

Na sababu ya moja kufa mapema niliigundua kwa sababu ya hilo daftari. Redio na chaja ya simu zilikuwa zimeungwa kwenye betri moja ili kupata volti 12, kitu ambacho mafundi wengi wanafanya kwa kuwa ni rahisi. Sasa betri mbili zimefungana mfululizo, altaneta inachaji zote kwa pamoja kwa mfano 28.4, haijui kama moja imenyonywa zaidi. Ile iliyonyonywa inabaki na volti 13.3 haijai hata siku moja, salfeti inaganda kwenye bamba zake, na mwenzake anapigwa 15.1 anachemka maji. Zote zinaumia kwa njia tofauti. Nimeweka konveta ya 24 kwenda 12 na sasa kila kitu cha volti 12 kinapita huko.

Ndo maana nilipoamua kubadilisha nilibadilisha zote mbili, ingawa ya 780 ilikuwa inauma kuitoa. Ukichanganya mpya na ya zamani unarudi kule kule kwenye chaji isiyolingana, mpya inazeeka haraka. Ile iliyobaki nzima nimeipeleka kwenye pampu ndogo ya maji yenye injini ya stata ya volti 12, huko bado inafanya kazi. Ile mbovu nimeirudisha kwa wanaonunua za kuyeyusha risasi, tafadhali msimwage asidi chini.

Mpaka wangu niliojiwekea ni huu: betri ikishuka chini ya robo tatu ya stika yake baada ya kuchajiwa vizuri naanza kupanga hela, na ikipoteza kama sehemu ya kumi ndani ya mwezi mmoja sisubiri hata hiyo robo tatu. Wenye kuegesha kwenye joto kali muwe wakali zaidi, joto ndo linaloila betri, baridi inakuja tu kuonyesha madhara.

Mapungufu yapo. Haikuambii betri itawasha taa au friji usiku mzima kwa saa ngapi, inapima kupiga stata tu. Kwa betri za maji bado nafungua vifuniko na kutumia kipima maji ya betri, kile kinachoonyesha uzito wa asidi, seli nzuri iliyojaa inasoma kama 1.265 mpaka 1.280, na moja ikipishana na zenzake kwa 0.050 hiyo seli imekufa hata kama testa inasifia. Nikiwa na wasiwasi zaidi naomba fundi aipige kwa mzigo wa nusu ya CCA sekunde 15, kwenye joto la kawaida isishuke chini ya 9.6. Na spring za vibanio vyangu zimelegea mwaka wa pili, nimebadilisha vibanio mwenyewe na nimeweka vya shaba vyenye meno makali, tangu hapo nikipima mara tatu mfululizo namba hazipishani tena. Betri mpya zilianza na 915 na 908, mwezi huu ni 911 na 906.