Stelingi nzito kwenye gari la kujiundia: nunua nini, na uanze na krosi

Mwezi wa tatu nilienda Ilala nikanunua pampu ya pawa stelingi ya mtumba, mipira yake, mafuta, nikamlipa na fundi wa kufunga puli, na usukani ukabaki mzito vilevile. Gari lenyewe tumeliunda uani mimi na kaka yangu, chasi ya bomba za mraba, injini na miguu ya mbele ya Corolla ya zamani, na kila nikipaki mabega yanauma. Kumbe ubaya ulikuwa kwenye krosi, ile jointi ndogo inayounganisha shafti ya usukani na raki, kile chuma cha meno kinachogeuza matairi. Hakuna muuzaji wala fundi aliyeniambia niiguse.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, piga jeki mbele matairi yote mawili yaelee, fungua bolti ya krosi pale inapoingia kwenye raki, ichomoe, alafu zungusha usukani peke yake. Bado mzito? Tatizo liko juu, kwenye shafti na krosi. Umekuwa mlaini? Shuka kwenye raki, boljointi na tairodi, yaani viungo na fimbo za kugeuzia matairi. Na sikiliza mkono wako vizuri, uzito ule unaokuja na kupotea mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa usukani ni krosi hiyo, usitafute mchawi. Gari la kiwandani pembe yake ilishapimwa, ila sisi tunaweka injini pale inapoenea alafu shafti inapindishwa kukwepa eksozi, krosi inafanya kazi ikiwa imekunjwa mno. Krosi moja ikizidi digrii 30 hamisha njia ya shafti. Ukiweka krosi mbili, hakikisha zile uma mbili (ncha zinazoshika krosi) za shafti iliyo kati yake zimelala usawa mmoja, zikipishana usukani utakuwa mlaini hapa na mgumu pale hata kila kitu kiwe kipya.

Dukani ishike krosi upande mmoja, uache upande wa pili uanguke wenyewe. Iangukie pande zote bila kukwama na bila kucheza. Ikisimama njiani ina kutu ndani, irudishe mezani. Na tafadhali usikubali mtu akuchomelee krosi ili ifike kwenye raki, moto unaunguza grisi na sili zake, na siku weldi ikiachia huna usukani kabisa. Hesabu meno ya shafti zote mbili ndio ununue.

Sasa krosi ikiwa nzima na bado unataka wepesi, namba moja kwangu ni kolamu (nguzo ya usukani) ya umeme ya Toyota Vitz na sibadilishi. Mota iko kwenye kolamu yenyewe, hamna mafuta, hamna mkanda, hamna mpira wa kupasuka, raki yako ya kawaida inabaki ilipo. Kizuri zaidi, boksi lake la kuongozea mota likikosa taarifa za mwendo halizimi, linaendelea kusaidia kwa kiwango kimoja. Wajenzi wa nyumbani kule Uingereza wanapenda ya Vauxhall Corsa, ila Vitz zimejaa mjini hapa, spea utapata hata jioni. Ipe waya mnene moja kwa moja kutoka betri na fyuzi yake kubwa, usiunge kwenye waya wa redio. Barabara kuu utauhisi mwepesi, ongeza kasta kidogo, ule mlalo wa mguu wa mbele kwenda nyuma, usukani urudi katikati wenyewe.

Namba mbili ni raki ya mkono halisi, isiyo ya pampu tangu kiwandani. Wengi wetu tumefunga raki ya pawa bila pampu tukaita ya mkono, na sio kitu kimoja, ile ya pawa mizunguko yake ni michache alafu sili zake zinabana, lazima iwe nzito. Namba tatu pampu ya umeme ya mafuta, inafanya kazi vizuri lakini inakula betri na inavuja kama zote. Pampu ya mkanda iwe ya mwisho. Usukani mkubwa na kujaza upepo wa kutosha ni bei rahisi, jaribu, basi.

Kinachoniumiza ni wauzaji. Kolamu wanakata plagi zake kwa mkasi, boksi wanakuuzia kivyake kwa bei karibu sawa na kolamu, alafu ukutani kuna kikaratasi, kitu cha umeme hakirudishwi. Mimi nililipia boksi mara mbili kwa sababu la kwanza lilikuwa la gari lingine, na yule muuzaji alijua maana alinisikia nikitaja Vitz mara tatu. Sasa naenda na betri yangu kwenye bajaji. Tunaunga pale pale mezani, kaka yangu anashika shafti kwa praisi mimi nazungusha, mota isiponguruma na mkono usipohisi msaada silipi hata mia.