Catalyst 6500 ya mtumba: nilivyoipunguzia konsoli kelele

Swichi hii ya Cisco, ya kuunganisha kompyuta kwenye mtandao, yenye moduli tatu za poti 48 kila moja, tuliinunua ya mtumba hapa Kampala kwa ajili ya chuo ninachokihudumia. Kwa kupitisha data sina neno nayo. Nitakayoeleza ni ya konsoli, ile poti unayochomeka kompyuta ili kuipa swichi amri, maana hapo ndipo mafundi wengi huchoka nayo.

Usipogusa kitu, IOS, programu inayoendesha swichi, hutuma kwenye konsoli ujumbe wa ngazi zote, kuanzia 0 ya dharura hadi 7 ya udebagi (kusaka hitilafu). Kwenye swichi ndogo huoni tabu. Kwenye hii, umeme ukikatika na kurudi, na Uganda mchezo huo tunaujua, kompyuta zote za maabara huwaka kwa pamoja, na kila poti hutoa mistari miwili: %LINK-3-UPDOWN, kisha %LINEPROTO-5-UPDOWN (tarakimu ya katikati ndiyo ngazi). Kasi ya konsoli ni biti 9600 kwa sekunde, yaani herufi kama 960 kwa sekunde. Mstari mmoja una herufi 90 hivi. Piga hesabu: moduli zote tatu zikiamka, ni karibu nusu dakika ya maandishi yanayoporomoka, na amri unayoandika inakatwakatwa katikati. Kijana ninayefanya naye kazi aliniuliza, "Mzee, imeungua?" Wapi! Inaongea tu.

Wengi hukimbilia amri ya no logging console, inayonyamazisha konsoli kabisa. Mimi siipendi: siku pawasaplai ikifa na mtandao umelala, konsoli ndiyo utakayoichomeka. Niliweka logging console warnings, inayopitisha ngazi 0 hadi 4. LINEPROTO ikanyamaza, LINK ikabaki kwa kuwa ni ya 3. Basi kwenye poti za watumiaji nikaongeza no logging event link-status, inayozuia ujumbe wa poti kuwaka na kuzimika, na zile zinazounganisha majengo nikaziacha ziseme. Kisha chini ya line console 0 nikaweka logging synchronous: ujumbe ukiingia katikati, ulichokuwa unaandika kinarudishwa chini kikiwa kizima. Hiyo peke yake naipa nyota.

Kumbukumbu zenyewe, yaani ujumbe wote huo, zinabaki kwenye bafa, hifadhi ya muda ndani ya swichi. Nimeipa baiti 64000 kwa logging buffered 64000, nazisoma kwa show logging. Ila bafa iko kwenye RAM, swichi ikizimika zimekwenda, kwa hiyo kwetu seva ya syslog, kompyuta ya kupokea na kutunza ujumbe huo, ni lazima, tena iwe kwenye UPS. Ujumbe huenda kwa itifaki ya UDP, poti 514, na UDP haiulizi kama mzigo umefika. Weka na NTP, inayosawazisha saa kupitia mtandao, pamoja na clock timezone EAT 3, yaani saa za Afrika Mashariki. Ukiona kinyota mbele ya saa ya ujumbe, saa hiyo usiiamini.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya moduli ya firewall, ile ya kulinda mtandao: ina mipangilio yake ya kumbukumbu, na amri za kwenye supervaiza, moduli kuu inayoendesha swichi, haziigusi. Unaingia kwa session slot, ukifuatiwa na namba ya nafasi yake na processor 1, unaanza kuipanga upya.