Asumini ama oolong? Kwa maji ya Nairobi mimi nachukua oolong

Kama uko Nairobi na umechoka na strungi lakini kahawa inakusumbua tumbo, hizi ndizo chai mbili utapata zimekaa pamoja kwa maduka ya Wachina pale Kilimani, ile ya asumini na ile oolong nyepesi (oolong ni chai iko katikati ya ya kijani na ya rangi) inaitwa Tieguanyin, na pakiti zote ni za kijani hadi unasimama hapo hujui ubebe gani. Mimi nimezinywa zote kwa muda mrefu na ukiwa na pesa ya moja tu, beba oolong. Lakini ya asumini siidharau hata kidogo, wacha nieleze.

Watu wengi huanza na ya asumini juu ya harufu. Hiyo ni chai ya kijani, majani yamepigwa moto mapema ndio yasigeuke rangi, halafu yakalazwa na maua, na hiyo kazi ya kulaza enyewe ni ya kuheshimiwa. Majani yanachumwa mapema kwa mwaka, yanawekwa yakingoja msimu wa joto ndio asumini ichanue. Kwa jadi hii ni chai ya Fuzhou, mkoa wa Fujian kule Uchina, ingawa siku hizi maua mengi yanatoka Hengzhou kule Guangxi. Vitumba vinachumwa mchana vikiwa bado vimefunga, jioni vinaanza kufunguka, na hapo ndio vinachanganywa na chai vilale nayo usiku. Chai inavuta harufu pamoja na unyevu, maua yanachekechwa yanatolewa, chai inakaushwa tena, halafu wanarudia na maua mapya, na zile za daraja ya juu zinarudiwa hata mara sita saba hivi. Kwa hivyo ukiona pakiti imejaa maua makavu usidhani ndio bora, hayo maua yashamaliza kazi yake, mara nyingi yamewekwa ya urembo tu.

Sasa shida ni zile za bei ya chini. Kuna moja ya vifuko nilibeba supamaketi, harufu ilinipiga hata kabla sijafungua boksi, kikombe cha kwanza kikanukia sana, kuongeza maji mara ya pili hakuna kitu, ni uchungu tu. Hiyo nina hakika ilipuliziwa manukato na maua haikuyaona. Iliyolazwa na maua ya kweli, harufu inakufuata hadi kikombe cha pili na cha tatu, tena haikupigi kelele, inakuja pole pole ukishameza. Mtu amekulia Mombasa ama Lamu hutamdanganya hapa, anajua asumini ya kikuba, yale maua wanawake wa Pwani hujipamba nayo, inanukiaje. Ukitaka uhakika tafuta zile majani yamevingirishwa mviringo mdogo mdogo, ni bei lakini utaona tofauti.

Halafu kuna maji, na hapa ndio kwa upande wangu mambo yaliamuliwa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, kwa hivyo maji yetu yanachemka kwenye digrii 94 hivi, hayafiki 100. Chai ya asumini inataka 75 hadi 80. Yaani uchemshe, uache wazi, ungoje, ndio umwage, na usiiache zaidi ya dakika mbili tatu juu ikipita hapo inakuwa chungu inakausha ulimi wote. Nyumbani Jumapili ni sawa. Ofisini uko na mkutano saa nane na ketlo ni ya watu wote, nani atasimama hapo akingoja maji yapoe?

Oolong nyepesi inataka 90 hadi 95. Maji ya Nairobi yakichemka tu, mwaga.

Na hii chai jinsi inatengenezwa ndio inanifurahisha zaidi. Majani yananyaushwa, yanatikiswa tikiswa hadi kingo zinachubuka kidogo, hewa inaingia pale penye michubuko jani linaanza kugeuka, halafu kabla haijafika mbali wanapiga moto linasimama hapo. Chai yetu ya Kericho na Limuru inasagwa ndogo na kuachwa igeuke kabisa, ndio maana inashika maziwa vizuri, hii imegeuka sehemu tu. Matokeo ni harufu ya maua na hakuna ua lolote lilitiwa, imetoka kwa jani lenyewe! Tieguanyin ni ya Anxi, pia Fujian, na ukibahatika kupata ile ya Taiwan inaitwa Baozhong, hiyo ni nyepesi zaidi, chukua bila kufikiria.

Bei ya pakiti ya oolong inaweza kukushtua lakini hesabu kwa vikombe. Majani ya Tieguanyin yameviringishwa kama punje, kijiko kimoja kidogo cha hizo punje kwa kikombe, ukimwaga maji zinafunguka hadi unaona jani zima na kikonyo chake, na majani hayo hayo unaongeza maji mara nne tano mchana wote, kila mara ladha inageuka kidogo, ya pili kwangu ndio tamu kushinda zote. Usitie maziwa, usitie sukari. Ina kafeini kama chai zingine kwa hivyo usiku wacha.

Sio kila mtu ataipenda. Shangazi yangu alikuja kutoka Nyeri nikampa zote mbili, ya asumini akaomba aongezewe, oolong akasema ni kama maji ya sukuma wiki, na hajakosea sana juu ile harufu ya majani mabichi iko. Kwa wageni basi weka asumini, inapendeka haraka.

Ya mwisho ni kuhifadhi. Chai ya asumini ilipata harufu kwa kuvuta, na itaendelea kuvuta, ukiiweka kabati moja na chai masala na tangawizi baada ya wiki chache unakunywa masala. Mkebe wa kufunga kabisa, mbali na jiko. Hii oolong nyepesi inapoteza ule uchangamfu ikipigwa na hewa, kwa hivyo nunua ile iko kwa vipakiti vidogo vya gramu saba nane vilivyotolewa hewa, unafungua kimoja kimoja, zingine zinakaa kwa friji.