Usuluhishi wa siri, kuta nyembamba

Jamani, kama unafikiria kukubali usuluhishi kwenye EEOC, ile ofisi ya serikali inayopokea malalamiko ya ubaguzi kazini huku Marekani, nisikilize kwanza. Mimi natunza wazee. Nililalamika kwamba nilinyimwa usimamizi wa zamu kwa sababu ya lafudhi yangu. Mzee ninayemwogesha kila asubuhi ananielewa vizuri, asiyenielewa ni meneja!

Ofisi ikaniambia, kabla ya uchunguzi kuna usuluhishi: bure, wa hiari, wa siri. Nikakubali. Tuliyozungumza mle ndani siwezi kuyaandika, nilitia saini. Ila kicheko hakikutajwa kwenye ile karatasi, kwa hiyo nakisema.

Walitutenganisha. Mimi chumba changu, meneja na wakili wao chumba cha pili, msuluhishi akawa anakwenda na kurudi. Nimekaa peke yangu na boksi la tishu, mara nasikia ukutani watu wanaangua kicheko, na sauti ya msuluhishi imo. Alipoingia kwangu tayari kavaa sura ya msibani. Nikamuuliza wenzetu wanacheka nini. Jibu lake ni siri, basi na libaki siri.

Mwishowe tulisaini. Akakusanya karatasi zote alizokuwa akiandika, akazitia kwenye mashine ya kuzichanachana, mbele yangu. Najua ndio utaratibu, hata wachunguzi wa ofisi hiyohiyo hawatakiwi kuziona. Lakini iliniuma. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza kumbagua mtu kazini kwa asili yake, na mimi nimetoka pale bila mstari hata mmoja unaosema meneja alikosea. Msuluhishi si hakimu, hasemi nani mkosaji. Sasa nilikwenda kufanya nini?

Haya, haki yao niwape. Wenzangu waliochagua uchunguzi bado wanasubiri barua, mimi faili limefungwa, na makubaliano yakivunjwa naweza kwenda nayo mahakamani. Nyota tatu. Aa, mbili, kile kicheko hakijanitoka.

Mdogo wangu naye ana kesi kama yangu kiwandani kwao. Nimemwambia aende, tena adai chumba cha mwisho kabisa kwenye korido. Na asikawie kupeleka malalamiko: ni siku 180 tangu aonewe, majimbo mengi 300, zikipita hata hicho chumba hawamwingizi.